Toleo la Maendeleo na Printa ya Mzee Awadhi

Vijana wa kompyuta mkinikuta njiani hapa Magomeni mnaniamkia vizuri. "Shikamoo, Mama Tuli." Marahaba. Kabla sijauliza habari za nyumbani, swali linafuata, na siku zote ni lile lile: "Mama, nikisasisha mfumo leo, utaharibika?"

Utaharibika. Nawajibu hapa wote kwa pamoja ili nikienda kununua nyanya zangu niende kwa amani. Utaharibika, na wewe utapona, ukijua mambo machache niliyojifunza Kariakoo, Mtaa wa Sikukuu, kwenye duka la jumla la vyombo vya nyumbani la Mzee Awadhi. Pale ndipo nilipotunza kompyuta mpaka nikastaafu.

Mzee Awadhi babu yake alitoka Arabuni. Yeye mwenyewe kazaliwa Kariakoo na hajawahi kuona sababu ya kwenda kwingine. Anauza sufuria, mabeseni, chupa za chai na vikombe, na mzigo wake unafika Mtwara, Songea mpaka Tunduru. Mimi kwetu Masasi. Niliingia pale kama karani wa kupiga taipu. Kompyuta zilipoletwa, wenzangu walizikwepa, na mimi nikaachiwa kwa sababu kiti changu kilikuwa karibu na soketi ya umeme. Ndivyo nilivyokuwa mtaalamu. Nawaambia hivi msije mkadhani wataalamu wote wanapatikana kwa njia nyingine.

Dukani tulitumia mfumo huria, ule unaotengenezwa na watu wa nchi mbalimbali na kugawiwa kwa yeyote anayeutaka. Mfumo huo una milango miwili. Mlango wa kwanza unaitwa toleo thabiti: limejaribiwa, limetulia, halina makeke. Wa pili unaitwa toleo la maendeleo. Humo ndimo mafundi wanamoendelea kufanyia kazi yao. Msimbo wa jana unaondolewa leo, wa leo haujakauka, na aliyeandika kipande hiki hajakutana na aliyeandika kile. Ukiingia humo kama fundi, sawa, njoo na vifaa vyako. Ukiingia kama mteja, utagongwa na ubao.

Sisi tuliingia kama mteja.

Aliyetuingiza ni Faraji, mkwe wa Mzee Awadhi, kijana mtanashati aliyeoa binti mkubwa na kupewa umeneja kabla pilau la harusi halijaisha. Siku hiyo alikuwa ametoka semina. Akafungua tovuti ya mfumo mbele ya Mzee, akaona milango yote miwili.

"Baba," akasema, "hapa kuna toleo thabiti na toleo la maendeleo. Mama Tuli siku zote ametuwekea hili thabiti."

Mzee akanigeukia. "Kwa nini, Mama Tuli?"

"Ndilo lisiloharibika, Mzee."

"Na hili la maendeleo?"

"Bado linatengenezwa."

"Kama nchi," akasema Faraji.

Hapo nikajua nimeshindwa. Katika nchi hii unaweza kupinga mambo mengi, lakini hujawahi kuona mtu anasimama hadharani kupinga maendeleo. Mzee Awadhi mwenyewe alishatoa ukumbi wa mbele wa duka lake upitiwe na mtaro wa maendeleo, na mtaro haujaisha hadi leo. Akasema, basi tuwekewe hilo la maendeleo. Nikaweka.

Kuanzia wiki ile hakuna kitu kilichoharibika dukani kwetu. Kulikuwa na changamoto. Neno hilo alilileta Faraji pamoja na mkoba wa semina. Sauti ilipokufa kwenye kompyuta zote, ilikuwa changamoto, ingawa hatukuitambua mapema kwa kuwa sufuria haziuzwi kwa muziki. Saa za kompyuta zilipohamia Ulaya bila kutuaga, risiti zikawa zinaonyesha tumeuza mabeseni alfajiri. Mteja mmoja wa Buguruni akauliza kama duka letu linafunguliwa kabla ya adhana. Hiyo nayo ilikuwa changamoto. Kibodi ilipoanza kuandika alama za kigeni kila ulipobonyeza kitufe cha nukta, muuzaji mmoja wa kaunta akasema ni vumbi, mwingine akasema ni umeme, na wa tatu akaangalia upande wa duka la jirani na kunyamaza. Tulielewa alichokuwa anakisema.

Sasa sikilizeni, hapa kuna kazi. Toleo la maendeleo halitaki ujasiri, linataka utaratibu. Mimi nilichukua kompyuta moja kuukuu, nikaiweka stoo nyuma ya marobota ya mabeseni, nikaipa jina Kafara. Kila sasisho liliingia kwa Kafara kwanza. Likimsumbua, kaunta haiguswi. Halafu kabla ya kusasisha, nenda jukwaani kwa mafundi, kule mtandaoni, usome malalamiko ya waliotangulia. Wapo watu duniani wanaosasisha kila asubuhi kama wanavyokunywa chai, waache wakuungulie ulimi. Usisasishe siku ya mzigo. Na kiini cha zamani cha mfumo, ule moyo wenyewe uliokuwa unafanya kazi jana, usikifute. Kiache kwenye orodha ya kuwashia kompyuta, ili kipya kikigoma uwashe cha jana na uendelee na maisha. Mtu asikwambie kinajaza nafasi. Hata godoro la wageni linajaza nafasi.

Faraji alikuwa anapenda usafi.

Ilikuwa msimu wa kuelekea Idi. Wafanyabiashara wa mikoani wamejaa mtaani, wabeba mizigo wanapita na marobota vichwani wakipiga mluzi watu wapishe. Mteja wetu mkubwa, Mama Asha wa Tunduru, alikuwa amesimama kaunta na mzigo wake ulishapakiwa kwenye lori. Mimi asubuhi ile nilikwenda zahanati kupimwa presha. Niliporudi, presha iliyopimwa ikawa haina maana tena.

Faraji alikuwa anatarajia wageni wa semina waje kuangalia duka la mfano. Akataka wakute kila kitu kipya. Skrini ikamwambia kuna maboresho, akakubali kwenye kompyuta zote za kaunta. Skrini ikamwambia kuna vitu vya zamani visivyotumika, je visafishwe. Akasafisha. Viini vyote vya zamani vikaondoka.

Printa zikanyamaza.

Niwaeleze hizi printa, maana wengine mmezaliwa hamkuzikuta. Ni zile za kugonga. Zina utepe wa wino kama taipureta, zinaunganishwa na kompyuta kwa waya mpana wenye pini nyingi, na zikianza kazi mtaa mzima unasikia. Zina kelele kama cherehani yenye hasira, lakini zinagonga karatasi tatu kwa mpigo: nyeupe ya mteja, ya waridi ya dereva, ya njano ya stoo. Printa za kisasa zinapaka wino kwa upole, na upole haupiti kwenye kaboni. Dereva wa lori la kusini hawezi kuondoka bila karatasi ya waridi. Mpe maelezo yote, mpe kiapo, atakuuliza ya waridi iko wapi.

"Mama Tuli," akasema Mama Asha, "mimi mzigo wangu uko juu ya gari. Gari haliendi. Kule wateja wangu wanasubiri sufuria za sikukuu. Nikichelewa, wananunua kwa mwingine, na sufuria mtu hanunui mara mbili."

"Kuna changamoto ndogo," akasema Faraji.

"Mwanangu, mimi sijakuuliza wewe."

Nikajaribu kuwasha kiini cha zamani, sikukiona. Nikamwangalia Faraji, akaangalia tai yake. Nikaenda stoo. Kafara alikuwa bado na sasisho la wiki iliyopita kwa sababu nilikuwa sijamgusa. Tukaburuta printa moja mpaka nyuma ya mabeseni, nikachomeka waya, ikagonga. Siku nzima hati zote za duka zilitoka stoo. Watu walipanga foleni katikati ya marobota, Mama Asha akiwa wa kwanza, na wageni wa semina walipofika Faraji akawaeleza kwamba huo ndio mfumo wetu wa huduma jirani na mzigo. Waliandika.

Lori la Tunduru liliondoka. Lakini kompyuta moja ya stoo haiwezi kubeba msimu wa Idi, na Kafara naye alikuwa mzee. Ilibidi nijue nini kimevunjika.

Namna ya kutafuta ni hii. Toleo la maendeleo linaweka kumbukumbu ya kila badiliko, nani kafanya na kwa nini. Kati ya sasisho zima na bovu kunaweza kuwa na mabadiliko mengi sana, wala usiyasome moja moja utazeeka. Kata katikati. Jenga mfumo ulivyokuwa hapo katikati, ujaribu. Ukifanya kazi, ubovu uko nusu ya pili. Ukigoma, uko nusu ya kwanza. Chukua nusu yenye ubovu, kata tena. Nilifanya hivyo kwenye kompyuta moja ya kaunta, ambayo haikuwa na cha kupoteza. Kila kujenga kulichukua muda wa kuchemsha maharage, na nusu zikawa zinapungua, zinapungua, mpaka likabaki badiliko moja.

Nikalifungua. Nilitegemea kukuta mtu kakosea alama, kasahau mabano, mambo ya kawaida ya binadamu. Sikukuta kosa. Msimbo wa kuendeshea ule waya mpana haukuwa umevunjika. Ulikuwa umefutwa wote, kwa makusudi, kwa unadhifu, na aliyefuta ameacha maelezo mafupi kwamba printa za aina hii hazipo tena katika matumizi.

Niliyasoma maneno hayo huku printa ikigonga stoo.

Nikaandika taarifa jukwaani. Na hapa pia shikeni. Taarifa ya ubovu ina mambo matatu: ulifanya nini, ulitegemea nini, kikatokea nini. Usiweke matusi, usiweke machozi, usisimulie habari za Idi. Aliyefuta alikuwa anaitwa Henrik, mtu mstaarabu kabisa. Akajibu siku ile ile, akashukuru, akasema kwa ufahamu wao printa hizo zimeshatoweka. Je, nina hakika ninayo?

Wakaingia na wengine. Mmoja akanishauri ninunue printa mpya. Mwingine akauliza kama Dar es Salaam tatizo si umeme. Wa tatu akasema kwa kuwa suala limefunguliwa, ni wakati muafaka wa kujadili kama jina la folda lilipokuwa msimbo huo liwe na herufi kubwa au ndogo. Hapo jukwaa likachangamka kwelikweli. Walibishana wiki nzima kuhusu herufi. Mimi na printa yangu tukasahaulika kwenye mada yetu wenyewe.

Dukani nako Faraji aliitisha kikao. Alipendekeza iundwe kamati ya mpito kuelekea duka lisilotumia karatasi. Mzee Awadhi alimsikiliza mpaka mwisho, halafu akaniuliza mimi.

"Huyu aliyefuta printa yangu yuko wapi?"

"Kwao Ulaya, Mzee."

"Ana duka?"

"Hana."

"Alishafika hapa?"

"Hapana."

"Sasa amejuaje kwamba haipo?"

"Hakuna aliyemwambia kwamba ipo."

Mzee akavaa kofia yake, akachukua fimbo. "Lete simu yako inayopiga picha," akasema. "Tutembee."

Tukatembea. Alianza na muuza mabomba, akaenda kwa muuza vitenge, kwa wa vipuri, kwa wa madaftari. Kila duka alieleza jambo lile lile kwa maneno yale yale: kuna watu wamesema printa hizi hazipo, tafadhali igongeshe kidogo Mama Tuli aichukue sauti. Hakuna aliyekataa. Muuza mabomba aliifuta vumbi printa yake kwanza kama anampeleka mtoto kupiga picha ya shule. Wapita njia wakawa wanasimama. Machinga mmoja wa soksi akatufuata akidhani kuna uchaguzi.

Tukafika kwa Mama Neema. Huyu ndiye jirani yetu wa ukutani, Mchaga wa Kibosho, anauza vyombo kama sisi, na ndiye ambaye yule muuzaji wa kaunta alikuwa anamwangalia kila kibodi ikigoma. Yeye na Mzee Awadhi waligombana zamani kwa sababu ya ndoo zilizopangwa kwenye baraza la mwenzake, na tangu hapo hawasalimiani. Nilidhani Mzee atapita. Akasimama mlangoni.

"Hodi, Mama Neema."

Mama Neema alikuwa anafunga vikombe kwenye gazeti. Hakuinua kichwa mara moja. "Karibu," akasema.

"Nimekuja na shida. Printa yako ile, ya waya mpana."

"Ina nini?"

"Wamesema haipo."

"Nani kasema?"

"Mafundi wa mfumo, huko nje. Wameifuta. Yangu imeshakufa. Yako itakufa ukisasisha."

Mama Neema akaweka kikombe chini. "Na mimi juzi kijana wangu ameniambia nisasishe. Nikamwambia aache nimalize mzigo wa Moshi." Akaiangalia printa yake, akamwangalia Mzee. "Kwa hiyo umekuja kuniambia."

"Nimekuja kuomba sauti yake. Na kukuambia."

Akabonyeza. Printa ikagonga hati ndefu ya sahani na mabakuli, nami nikarekodi, na wao wawili wamesimama kando yake, na kwa kelele ile hata wangesema wasingesikilizana. Ilipomaliza, Mama Neema akachana karatasi akampa Mzee ile nyeupe. Mzee akaikunja akaiweka mfukoni. Tukatoka. Nje akaniambia, "Zile ndoo zilikuwa zangu," kisha akaendelea na safari.

Nilituma video nzima bila maelezo. Kutoka duka hadi duka, ule mlio, na sauti ya Mzee Awadhi ikirudia kwamba wamesema hazipo. Mabishano ya herufi yakaishia hapo. Henrik akaandika: "Samahani. Sikujua." Mimi nimefanya kazi na watu wengi wenye madaraka makubwa kuliko Henrik, na neno la pili kati ya hayo sijalisikia kwa hata mmoja wao.

Lakini akaongeza jambo. Msimbo hautakiwi kukaa kwenye mfumo bila mtu wa kuutunza. Aliyekuwa anautunza alishaondoka. Ukirudishwa, ni nani atakayeujibia?

Nilipeleka swali dukani. Mzee hakuelewa mtu anatunzaje kitu kisichoshikika. Faraji akasema liundwe jopo. Nikarudi kwenye kiti changu karibu na soketi, nikaandika jina langu.

Sikuwa najua ninachokifanya, nisiwadanganye. Kutumia mfumo ni jambo moja, kutunza kiungo chake ni jambo jingine. Nilisoma msimbo ule mstari kwa mstari kama mtu anayesoma barua kwa lugha ya mkwewe. Sahihisho langu la kwanza lilirudishwa kwa sababu niliacha nafasi tupu mwishoni mwa mistari. Nafasi tupu, kitu kisichoonekana. La pili likarudishwa kwa sababu maelezo yake yalikuwa marefu, la tatu kwa sababu yalikuwa mafupi. Zoeeni hayo, wala msinune. Anayekurudishia kazi angalau ameisoma. Henrik alinielekeza kila hatua kwa subira, nami nilimfundisha kusema "pole na kazi", akawa anaiweka mwishoni mwa kila ujumbe hata pale alipokuwa ananikatalia.

Siku sahihisho lilipokubaliwa, niliweka sasisho kwa Kafara kwanza, kama kawaida. Nikachomeka waya. Ikagonga nyeupe, ya waridi na ya njano. Nikakaa juu ya robota la mabeseni nikalia kidogo, na muuzaji wa kaunta aliyekuja kuchukua mzigo akaniuliza kama kuna changamoto.

Baada ya hapo Mzee Awadhi aliamuru turudi kwenye toleo thabiti, la maendeleo libaki stoo. Faraji hakupinga, alikuwa na shughuli. Alialikwa kwenye semina nyingine, safari hii kama mtoa mada, kueleza jinsi kampuni yake ilivyochangia maendeleo ya mfumo wa kimataifa. Alinipigia simu akiwa ukumbini kuuliza printa yenyewe inaitwaje.

Dukani nimestaafu, kwenye mfumo bado. Kila toleo jipya likikaribia, jukwaani wanatuuliza sisi watunzaji kama vipande vyetu vina watumiaji. Wengine wanajibu wakiwa kwenye viti vyao. Mimi navaa viatu. Mwezi uliopita waliuliza, nikaenda Kariakoo. Maduka mengi siku hizi hati zake ziko kwenye simu, na mlio ule nilitembea hatua nyingi bila kuusikia. Muuza mabomba amehama. Kwa Mama Neema nikaikuta, imefunikwa kitambaa, inatumika kwa mzigo wa Moshi tu. Dukani kwetu Faraji amejaza skrini za kugusa kaunta nzima, na mwishoni kabisa, karibu na mlango wa stoo, ipo ile moja, kwa kuwa dereva wa kusini bado anataka ya waridi.

Mzee Awadhi alikuwa amekaa pembeni yake. Macho yamepungua na masikio pia, akanitambua kwa kukaribia sana.

"Mama Tuli. Umerudi kazini?"

"Hapana, Mzee. Wameuliza tena wale wa Ulaya."

"Wanauliza nini?"

Nikainama sikioni kwake. "Wanauliza kama kuna mtu bado anaitumia."

Akaweka mkono juu ya printa, akaupitisha polepole kwenye mfuniko wake kama anatafuta vumbi.

"Waambie nipo," akasema.